Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Asilimia tano si ndogo

Mheshimiwa Waziri,

Ramadhani iliyopita, adhana ya Magharibi ilinikuta barazani, sahani ya tende mbele yangu, na mkono ukaenda mfukoni kwanza. Nilifuturu kwa vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Mke wangu aliona, hakusema kitu. Nilivuta sigara miaka kumi na minne na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuitanguliza mbele ya tende na maji.

Nakuandikia kutoka Mombasa kuhusu ukali wa nikotini katika sigara za kielektroniki.

Nilihamia kwenye vepu nikitaka kuacha sigara. Kijana wa dukani alinichagulia yenye ladha ya embe, akaniambia, "Chukua hii, ni asilimia tano tu." Nikaona tano ni ndogo. Baadaye ndipo nilipokaa na kalamu: asilimia tano ni kama miligramu 50 kwa kila mililita. Kifaa changu kilikuwa cha mililita 10, yaani miligramu 500. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu moja hivi mwilini, ikizidi sana mbili. Hata ukitoa ile inayopotea na mvuke, piga hesabu mwenyewe.

Zamani koo ndilo lililokuwa bawabu. Nikotini ya kawaida ikiwa kali kiasi hicho hukwaruza, unakohoa, unaiweka chini. Watengenezaji wakaitia asidi, mara nyingi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini: laini kooni, na kwenye damu kali vilevile. Tena sigara ina mwisho wake. Moto ukifika kwenye kishungi unatupa, unarudi kazini. Hii ililala chini ya mto wangu, na saa tisa usiku nilikuwa naipapasa gizani kama mtu anayetafuta miwani. Mimi nilikuwa wa sigara nane kwa siku. Kwa vepu sijui nilifika ngapi, maana boksi linahesabu mivuto, "6,000", kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe. Nikotini imeandikwa ubavuni, pale kidole kinapoziba.

Siombi upige marufuku. Uganda walifanya hivyo kwa sheria yao ya 2015, na wana sababu zao. Lakini mvutaji mkongwe anayekimbia lami na moshi wa sigara aachiwe mlango. Ombi langu ni kikomo: miligramu 20 kwa mililita. Umoja wa Ulaya waliweka hicho hicho tangu 2016, na tangi lisizidi mililita 2. Kanada nao wakaweka hizo miligramu 20 mwaka 2021. Watengenezaji hawakufunga virago. Walipunguza makali, wakaendelea kuuza.

Wenye biashara watakwambia kwamba ukipunguza makali, mtu atavuta zaidi kufidia. Ni kweli, kwa aliyekwisha kuzoea. Huyu wa kidato cha pili anayejaribu ya embe nyuma ya kituo cha matatu ana nini cha kufidia?

Kuna na hili la ushuru, ambalo najua ni la mwenzako wa Hazina, lakini ninyi hukaa meza moja. Nikotini ya maji hutozwa kwa mililita. Kwa hiyo mililita kali na mililita dhaifu hulipa sawasawa, na mfanyabiashara mwenye akili ataleta ipi? Itozwe kwa miligramu.

Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007, iliandikwa kwa ajili ya tumbaku ya kuvuta, kutafuna na kunusa. Mswada wa marekebisho wa 2024, ulioanzia Seneti, umezitaja hizi mpya. Nakuomba kikomo hicho kiingie kwa tarakimu, na si kuachwa kwa kanuni zitakazotungwa siku moja, tukijaliwa. Na boksi liandike jumla ya miligramu zilizomo ndani, mbele, kwa Kiswahili.

Mimi sasa niko kwenye ya miligramu 20, ambayo naagiza kwa mtu anayesafiri, kwa kuwa kwenye maduka matatu niliyouliza mtaani kwetu wauzaji walinicheka. Mmoja alisema hiyo ni ya wagonjwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mombasa