Makato ya mfanyakazi si mtaji wa mwajiri

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu ambao kazi yangu hunikutanisha nao kila mwezi hapa Mombasa: wakandarasi wadogo, viongozi wa mashirika ya kijamii, na waajiri waliowafungulia wafanyakazi wao mfuko wa pensheni. Mimi ni mtunza hesabu. Ofisi yangu iko Tudor na wateja wangu wametapakaa kuanzia Likoni hadi Bamburi. Shughuli zao hazifanani, lakini kinachowaangusha ni kimoja. Wanashika pesa za watu wengine, wanaziweka akaunti moja na pesa zao, kisha wanazitumia.

Nianze na makato ya mshahara, maana hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Chukua fundi wa kudumu anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwajiri anamkata asilimia 6 ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani 2,400, na yeye mwenyewe anatakiwa kuongeza 2,400. Anamkata asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, yaani 1,100. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 600, na mwajiri anaweka 600 nyingine. PAYE, ile kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ukishaondoa hayo makato na ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, inafika kama 3,150. Fundi anapokea karibu 32,750. Zinazobaki kwa mwajiri za kupeleka huko zinakotakiwa, pamoja na sehemu yake mwenyewe, ni takriban 10,250. Akiwa na mafundi 10 wa kiwango hicho, ni zaidi ya 102,000 kila mwezi.

Sasa pesa hizo zinakaa kwenye akaunti kuanzia siku ya mshahara hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa PAYE. Katika siku hizo chache lori la mchanga limefika kutoka Kwale na dereva anataka chake kabla ya kumwaga. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapiga simu kuulizia deni la nondo. Mkandarasi anatazama salio kwenye simu, anaona laki na ushee, analipa. Hana nia ya kuiba. Anaamini hundi ya kazi ya mwezi uliopita itaingia Jumanne. Jumanne inafika bila hundi, tarehe 9 inapita, KRA, mamlaka ya kodi, inaongeza faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, na mwezi wa pili unaanza akiwa na deni la miezi miwili.

Faini ni hasara yake. Kinachoniuma mimi ni hasara ya yule aliyekatwa. Nimewahi kumsindikiza mjane mmoja wa Changamwe kufuatilia michango ya marehemu mumewe, aliyekuwa mlinzi. Hati za mshahara alikuwa amezihifadhi zote, zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha, na kila moja inaonyesha mume wake alikatwa. Kwenye taarifa ya michango kulikuwa na miezi mitupu, mingine ikifuatana. Mama yule aliniuliza pesa zimekwenda wapi, na jibu nililokuwa nalo halikuwa la kumwambia mtu aliye edani. Kuna pia kijana wa mjengo ambaye mkewe alifika hospitali kujifungua wakaambiwa michango ya bima haionekani, ilhali kwenye mshahara wake hakuna mwezi uliokosa makato. Ilibidi ndugu wachangishane usiku ule ule kwa simu.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi kwamba mwajiri akishamkata mtu ni lazima apeleke alichokata, na kwa wakati. Kutopeleka ni kosa la jinai. Lakini mimi sijaandika barua hii kumtisha mtu na sheria. Nataka kueleza njia ambayo nimeona ikifanya kazi hata kwa mkandarasi mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Fungua akaunti ya pili. Usiiombee kadi wala usiiunganishe na simu ya mtu mmoja. Iwe ya sahihi mbili. Siku unayolipa mshahara, siku hiyo hiyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote wa vifaa, hamisha makato yote pamoja na sehemu yako ya mwajiri. Katika mfano wangu, kila fundi wa 40,000 anakugharimu 43,000. Ukipiga hesabu ya tenda kwa 40,000 umeshajikata mguu kabla ya kuanza safari. Salio linalobaki kwenye akaunti ya kazi ndilo lako la kuamua nalo. Kama halitoshi mchanga, basi umejua leo kwamba halitoshi, na bado una nafasi ya kuzungumza na mwenye mchanga.

Wakandarasi wengi huniambia, "Hawa wangu ni vibarua tu." Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mzima anahesabiwa na ile Sheria ya Ajira kama mwajiriwa wa mwezi. Na awe kibarua wa wiki moja au fundi wa miaka, akianguka kutoka kwenye jukwaa, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ile WIBA ya 2007, inamhusu. Akifa, fidia ni mapato ya miezi 96. Piga hesabu hiyo kwa mtu wa 30,000 kwa mwezi: ni 2,880,000. Hakuna mkandarasi mdogo ninayemjua anayeweza kuzitoa mfukoni, kwa hiyo bima ya wafanyakazi ilipwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Yapo mafungu mengine ambayo mkandarasi huyaona kama yake na si yake bado. Malipo ya awali, kwa kazi za serikali, hayazidi asilimia 20 ya bei ya kandarasi na hutolewa ukishaweka dhamana. Kwa kazi ya milioni 6 hiyo ni 1,200,000, nazo ni za kununulia saruji na nondo za kazi hiyo. Nimeona zikigeuka malipo ya kwanza ya gari. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 uliyomtoza mteja ni ya KRA, na inatakiwa kufika si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata; nayo iingie akaunti ya pili siku hundi inapoiva. Halafu kuna zile pesa ambazo mteja huzizuia, mara nyingi asilimia 10, hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Ziandike kwenye daftari, zifuatilie kwa barua, lakini usizihesabu kama faida ya mwaka huu. Ukikatwa ile asilimia 3 ya kodi ya zuio, ambayo mteja huikata kabla ya kukulipa, dai cheti chake, kwa sababu itapunguza kodi yako ya mwisho wa mwaka. Wengi wanaiacha ipotee.

Naja kwa mashirika ya kijamii. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 baada ya kungojewa miaka mingi, na tangu hapo viongozi wengi wananiuliza kuhusu usajili na fomu. Ni vizuri. Ila maswali yao yangeanza na benki. Mfadhili ametoa pesa za matangi ya maji ya shule, kodi ya ofisi imefika na mwenye nyumba anagonga, basi mkurugenzi anachukua kwenye matangi akisema, "Tutarudisha awamu ya pili ikiingia." Awamu ya pili haiingii bila ripoti ya awamu ya kwanza, na ripoti ya kwanza haiwezi kuandikwa kwa sababu matangi hayajanunuliwa. Nimeona shirika lililofanya kazi nzuri sana na vijana likifungwa kwa mzunguko huo, na watu waliokuwa wakilitegemea hawakujua kilichotokea.

Dawa yake huanza siku ya kuandika ombi la ufadhili. Andika kodi ya ofisi, stima, ada ya mkaguzi wa hesabu na sehemu ya mshahara wa mhasibu waziwazi ndani ya bajeti. Viongozi wetu wanaogopa kwamba mfadhili atawaona wanajitafutia. Mfadhili makini anajua matangi hayajinunui wenyewe, na anayekataa kulipia hata mkaguzi anakuomba ufanye kazi yake kwa pesa ya mwingine. Mradi ukiwa mkubwa, uwe na akaunti yake. Ukiwa mdogo, uwe na ukurasa wake kwenye daftari, na mweka hazina asome salio la kila mradi mbele ya kamati, si salio la benki peke yake. Mwenyekiti na mweka hazina wasiwe watu wa nyumba moja. Hili la mwisho huwaudhi wengi ninapolisema, na nitaendelea kulisema.

Kwa waajiri wenye mifuko ya pensheni, Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 imeweka kuta nzuri. Mali ya mfuko iko chini ya wadhamini, inahifadhiwa na mtunzaji aliyesajiliwa, hesabu zinakaguliwa kila mwaka, na ni marufuku kumkopesha mtu yeyote pesa za mfuko, bosi akiwemo. Pesa ikishaingia ndani ya kuta hizo, iko salama kiasi. Shida ni ile njia kati ya mshahara na mfuko. Hapo ndipo makato ya pensheni hukaa kwa mwajiri wiki, kisha miezi, yakilipia dizeli ya malori.

Katika mifuko ambayo mafao yanategemea michango, angalau nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama wenyewe. Nawasihi wadhamini hawa. Najua mnaketi meza moja na meneja anayesaini likizo zenu, na najua si rahisi kumwuliza pesa ziko wapi. Basi msimwulize yeye kwanza. Mwombeni msimamizi wa mfuko awape kila mwezi tarehe ambayo michango imefika. Iandikeni kwenye kumbukumbu za mkutano, karibu na tarehe ya mshahara. Tarehe mbili zikiwa zimeandikwa pamoja, mwezi baada ya mwezi, pengo linaonekana bila mtu kuinua sauti, na likizidi, ipo RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya kustaafu, mnayoweza kuiandikia.

Na wewe mwajiri uliyeelemewa, kuna njia ya heshima. Kaa na wadhamini mbadilishe kanuni za mfuko ili kiwango cha mchango kishuke kwa utaratibu, wafanyakazi waelezwe, na kiwango kipya kilipwe kikamilifu. Mfanyakazi anayejua kwamba anawekewa asilimia 5 badala ya 10 anaweza kupanga maisha yake. Anayeonyeshwa 10 kwenye karatasi na haipo, hawezi.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu hunijia ofisini kila wiki: serikali na kaunti hazilipi kwa wakati, mkandarasi afanye nini? Ni malalamiko ya haki. Mtu amemaliza mtaro, umekaguliwa, cheti kimesainiwa, halafu anakaa mwaka akizungushwa kutoka dawati moja hadi jingine. Afisa anayeketi juu ya malipo hayo ajue kwamba anashikilia pia NSSF ya mafundi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu riba kwa malipo yaliyocheleweshwa, na wakandarasi waidai kwa maandishi badala ya kuogopa kunyimwa tenda ijayo. Lakini kucheleweshewa malipo hakumpi mtu ruhusa ya kukopa kwa kibarua bila kumwuliza. Kama unajua mteja fulani hulipa baada ya miezi 6, usichukue kazi yake kama huna mshahara na makato ya miezi 6, au tafuta mkopo wa benki kwa jina lako.

Mwisho, Mhariri, ninalo ombi kwako. Gazeti hili husomwa kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vibanda vya mjengo, na pia na walinzi wa zamu ya usiku. Tenga kisanduku kidogo mwanzoni mwa kila mwezi kinachoonyesha viwango vya makato vilivyopo na siku ya mwisho ya kulipa kila kimoja, na kinachomkumbusha mfanyakazi kuomba taarifa yake ya michango ya NSSF na ya pensheni. Mwezi ambao tarehe 9 inaangukia Jumapili, kisanduku hicho kiwaambie waajiri walipe Ijumaa.

Mtunza Hesabu,
Tudor, Mombasa