Tuulize faida ilipatikanaje

Mhariri,

Picha za namna hii tumezizoea: mkurugenzi ameshika upande mmoja wa mfano wa hundi, mwalimu mkuu ameshika upande wa pili, na maelezo yanasema kampuni imerudisha sehemu ya faida yake kwa jamii. Sipingi madawati wala vitanda vya wodi. Mwenye shida navyo anavihitaji leo. Kinachonisumbua ni habari kuishia hapo, kana kwamba manufaa ya biashara huanza siku ya makabidhiano.

Tuitazame India. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia katika shughuli za kijamii. Ni sheria ninayoiunga mkono. Lakini hata pale inapotekelezwa kikamilifu, bado kuna maswali ambayo asilimia hizo 2 haziyagusi: waliozalisha faida hiyo walilipwa kiasi gani? Maji machafu ya kiwandani yaliishia wapi? Kodi ililipwa pale kazi ilipofanyika, au faida ilihamishiwa nchi isiyotoza kodi? Kampuni inayokwepa kodi kisha ikajenga zahanati imechukua kikubwa na kurudisha kidogo, tena kwa sherehe.

Aprili 24, 2013, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Wengi wao walikuwa washonaji wa nguo zinazouzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wakaamriwa kurudi kwenye cherehani. Nguo hizo zilikuwa na tarehe ya kusafirishwa, na kuchelewa kulikuwa na gharama. Mnunuzi anayeshusha bei kila msimu na kubana muda wa kushona yumo katika kisa hicho, hata kama hajawahi kukanyaga Dhaka, na hata kama ana mfuko wa kusaidia yatima.

Kilichofuata ndicho ningependa wafanyabiashara wakisome kwa makini. Mwezi uliofuata, kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi zilianza kutia saini mkataba wa usalama wa majengo na kinga ya moto, na baadaye zaidi ya kampuni 200 zikajiunga. Haukuwa tamko la nia njema. Ulikuwa na nguvu ya kisheria, wakaguzi wake walikuwa huru, taarifa za ukaguzi ziliwekwa hadharani, na mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari. Viwanda vikawekwa milango ya kuzuia moto na nguzo dhaifu zikaimarishwa. Hayo ndiyo manufaa kwa jamii, na yalitokana na kubadili namna ya kununua nguo.

Kwa mazingira nako ni hivyo hivyo. Kupanda miche ni jambo jema, lakini usiishie kwenye miche; fuatilia pia kinachotoka kiwandani. Katika mji wa Kalundborg, Denmark, viwanda jirani vimekuwa vikiuziana mabaki kwa miongo kadhaa. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi (gypsum) za kuta na dari kilianza kutumia gesi ya ziada kutoka kiwanda cha kusafisha mafuta. Baadaye mvuke wa kituo cha umeme ukapelekwa viwanda vingine, na jasi inayopatikana wakati wa kusafisha moshi wa kituo hicho ikawa malighafi ya mbao zile zile. Hakuna aliyefanya hisani: muuzaji alipata pesa kwa kitu ambacho angelipa kukitupa, na mnunuzi akapunguza gharama. Mpango wa aina hii una nafasi ya kudumu kwa sababu haungoji huruma ya mkurugenzi.

Msaada nao una mahali pake, na wenye nguvu zaidi ni ule unaotoka katika kazi yenyewe ya kampuni. Mwaka 1987 kampuni ya dawa ya Merck ilitangaza kwamba itatoa bure dawa ya ivermectin dhidi ya usubi, ugonjwa unaopofusha, kwa kila anayeihitaji na kwa muda wowote utakaohitajika. Ahadi hiyo ingali hai, na Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba nchi kadhaa, Colombia ikiwa ya kwanza mwaka 2013, zimeutokomeza ugonjwa huo. Volvo nao, baada ya mhandisi wao Nils Bohlin kubuni mkanda wa usalama wa pointi tatu mwaka 1959, waliwaachia watengenezaji wengine wa magari wautumie. Wangeweza kuufanya kitega uchumi. Siku hizi karibu kila gari jipya linao.

Wapo watakaosema biashara ndogo haina uwezo huo. Inao, tena mwingi: mkataba wa maandishi kwa mfanyakazi, mizani isiyopunja, kumlipa mkulima au fundi siku mliyokubaliana. Malipo yanayocheleweshwa miezi mitatu humlazimisha muuzaji mdogo kukopa kwa riba ili aendelee kumhudumia tajiri wake. Kumlipa kwa wakati hakuhitaji bajeti mpya.

Kwa hiyo ninaliomba dawati lako la biashara libadili maswali. Mwandishi akialikwa kuripoti msaada, aulize mshahara wa chini kabisa katika kampuni hiyo ni kiasi gani, wanaoiuzia bidhaa husubiri malipo siku ngapi, na taka zake hupelekwa wapi. Majibu yachapwe katika habari hiyo hiyo. Kampuni ikikataa kujibu, andikeni kwamba imekataa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi