Barua kwa Zawadi

Iringa

Mpendwa Zawadi,

Habari za masiku? Sisi huku wazima, ila baridi haina huruma. Barua yako imefika, na umenichekesha ulipouliza ninapata nini kwenye sinema bubu ambazo watu wake wanatembea kama wamekanyaga siafu. Ngoja nikusimulie moja.

Mwaka 1915 Marekani ilitoka sinema The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, iliyowafanya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi waliowatesa weusi, kuwa mashujaa. Ikajaza kumbi. Mwaka 1920 Oscar Micheaux, mtu mweusi ambaye baba yake alizaliwa utumwani, akatoa Within Our Gates. Mimi naiona kama jibu.

Humo yumo mchungaji mweusi, Mzee Ned. Anaingia kwa wazungu, anawachekesha, anawaridhisha kwamba weusi hawana haja ya kura. Mmoja anamtandika teke la makalio, naye anacheka. Akishatoka na kufunga mlango, tabasamu lote linamporomoka usoni. Hakuna sauti, wala haihitajiki.

Kisha Sylvia, binti aliyesoma, anamtengenezea hesabu baba yake mlezi, mkulima wa shamba la mzungu. Mkulima anazipeleka akadai haki yake. Tajiri mwenye shamba anapigwa risasi na mzungu mwingine kupitia dirishani, lakini lawama anabebeshwa mkulima. Yeye na mkewe wananyongwa, na kwenye kundi la wazungu linalowanyonga wamo wanawake na watoto, kama vile wamekuja kwenye sherehe. Hilo Micheaux hakulitunga kichwani; mambo hayo yalikuwa yakitokea, tena mchana kweupe.

Ndiyo maana wakaguzi wa sinema wa Chicago waliikataa kwanza. Ghasia za weusi na wazungu za 1919 zilikuwa zimeua watu 38 mjini humo, wakaogopa sinema itawasha moto upya. Hebu ona: ile ya Griffith iliingiza fedha, hii ikafuatwa na mkasi. Baadaye ikapotea kabisa, hadi nakala moja ilipopatikana Hispania, maandishi yake yakiwa ya Kihispania. Ikabidi yarudishwe kwenye Kiingereza.

Mwisho wake, harusi na uzalendo, sikuupenda; umebandikwa. Lakini itazame, iko bure kwenye intaneti. Subiri tu watoto walale. Halafu uniambie umemwonaje Ned.

Msalimie mama, na shemeji pia.

Wako,
Neema