Barua kwa Mjomba Wangu, Mzee wa Kanisa

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu zangu kutoka huku Umoja. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu jambo hili si letu sisi wawili tu. Wazazi wengi hapa Nairobi wanalijua, na wengi wamelinyamazia kwa kuwastahi wazee kama wewe.

Katika darasa la kipaimara, msichana mmoja alikuuliza kwa nini Biblia ya jirani yao Mkatoliki ina kitabu cha Tobiti na vile vya Wamakabayo, ilhali yake haina. Ulimjibu kwamba imani haihojiwi, ukamwagiza akariri Kanuni ya Imani kama wenzake, na watoto wote wakainamia madaftari yao. Sina shaka kwamba ulikusudia mema. Hata hivyo, swali lile lina jibu, tena jibu lisilomtikisa muumini yeyote. Wakristo wengi wa karne za kwanza walilisoma Agano la Kale katika tafsiri ya Kigiriki, iliyokuwa na vitabu visivyomo katika Maandiko ya Kiebrania. Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alipochapisha Biblia nzima kwa Kijerumani mwaka 1534, aliviweka vitabu hivyo peke yake, baina ya maagano mawili, akisema kwamba vinafaa kusomwa ingawa havilingani na Maandiko Matakatifu. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ukajibu mwaka 1546 kwa kuvithibitisha kuwa Maandiko kamili. Ndiyo maana wenzetu wana vitabu 73, nasi 66. Maelezo hayo yangechukua dakika tano.

Hata hiyo Kanuni uliyomwagiza akariri ilizaliwa na mabishano makali. Ario, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, wakaandika kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, lakini ugomvi haukwisha pale. Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyelitetea fundisho hilo, alifukuzwa mjini mwake mara tano, na ilibidi mtaguso mwingine ukutane Konstantinopoli mwaka 381 kabla ya maneno tunayoyakiri leo kukaa sawa. Ukimfundisha mtoto maneno hayo ukamficha swali lililoyazaa, atayashika kwa ulimi tu, na siku akikutana na mtu wa kumuuliza alichokiuliza Ario, atabaki ameduwaa.

Utaniambia kwamba Maandiko yanatutaka tuwe kama watoto wadogo. Sawa, ingawa sijui kiumbe anayeuliza maswali kumshinda mtoto mdogo. Lakini turudi kwa Ayubu, maana wewe mwenyewe humhubiri kila tunapokuwa na matanga. Rafiki zake watatu wanasema mambo ambayo mzee yeyote wa kanisa angeyaidhinisha: Mungu ni wa haki, anayeteseka ametenda dhambi, basi atubu. Ayubu anakataa. Anamdai Mungu kesi, anataka asomewe mashtaka yake, anailaani siku aliyozaliwa. Ni kweli kwamba Mungu anapomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli anamkemea, na Ayubu anafunga kinywa. Lakini katika sura ya 42 hasira ya Mungu inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa kumhusu kama alivyosema Ayubu, na wanaamriwa wapeleke sadaka huku yule waliyemsuta akiwaombea. Watu waliolitetea fundisho ndio waliohitaji kuombewa! Kila nikiisoma sura hiyo huona kwamba tumezoea kuiruka haraka ili tufikie kondoo na ngamia aliorudishiwa.

Nawe, Mjomba, hukuwa mtu wa kunyamaza. Umetusimulia mara nyingi jinsi wahubiri kama Timothy Njoya na Askofu Henry Okullu walivyoupinga upigaji kura wa mlolongo, yaani wa kupanga foleni hadharani badala ya kura ya siri, uliotumika katika uchaguzi wa 1988, wakati ambapo kuihoji serikali kulikuwa hatari, na jinsi ulivyojivunia kuwa Mkristo siku zile. Sielewi kwa nini ujasiri tuliousifu mbele ya serikali uwe utovu wa adabu mbele ya mimbari.

Tena, tumeona gharama ya kukataza maswali. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu walioambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Silinganishi kanisa letu na msitu ule. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoeshwa tangu utotoni kuona swali kuwa dhambi hana kinga siku akimpata mhubiri wa namna hiyo.

Nakubaliana nawe kwamba yapo maswali ya kejeli, na kwamba kanisa lisilo na fundisho lolote thabiti litabaki kuwa chama cha kunywa chai. Lakini anayekejeli hujulikana upesi, kwa sababu hasubiri jibu. Yule msichana alisubiri. Ombi langu kwa kikao cha wazee ni kwamba nusu saa ya mwisho ya kila darasa iachiwe maswali ya watoto, na mwalimu asiyejua jibu aruhusiwe kusema hajui, akalitafute, alilete wiki inayofuata. Mkikosa mwalimu wa kuisimamia nusu saa hiyo, mimi niko tayari.

Mpwa wako.