Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: mlipeni fundi akae na kijana mwaka mzima

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,
Unguja.

YAH: OMBI LA MPANGO WA KUWALEA NA KUWAENDELEZA WASANII WA UNGUJA NA PEMBA

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mshoni wa kofia za mkono hapa Wete, na pia huwachorea wenzangu michoro wanayoshonea. Nakuandikia kwa heshima na taadhima, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu kilio hiki si changu peke yangu. Wachongaji wa milango na makasha, wachoraji, wapiga ganuni na udi (ala za nyuzi za taarab), wasukaji wa ukili, hata vijana wanaopiga filamu kwa simu zao, nikikaa nao mazungumzo yanaishia hapo hapo. Ombi letu ni moja. Katika bajeti ijayo ya Wizara yako itakayosomwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, tengeni fungu la kumlipa fundi mwenye ujuzi akae na msanii chipukizi mwaka mzima, na huyo chipukizi naye apate posho ya kujikimu kwa mwaka huo.

Semina tumezipata. Tunaitwa ukumbini siku mbili tatu, tunafundishwa ujasiriamali, tunapewa vyeti, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi makwetu. Sizibezi. Waliozileta walikuwa na nia njema, na wengi wetu tulijuana humo. Lakini ufundi hauingii mkononi kwa siku tatu, wala maisha ya usanii hayapangiki kwa siku tatu.

Chukua kofia ya viua. Unachora mchoro juu ya nguo nyeupe, unatoboa viua, yaani vitundu vidogo, kimoja kimoja, unakizungushia kila kimoja uzi mpaka kingo zishike, kisha unazijaza nafasi zilizobaki kwa mishono myembamba. Kofia nzuri inakula wiki nyingi, nyengine inakwenda miezi. Mwanafunzi akikosea nafasi kati ya kiua na kiua haoni kitu siku ile. Ataona kofia ikishaunganishwa na kuvaliwa, duara limepinda na kazi yote imeharibika. Anayeweza kumwambia "fumua hapa, anza tena" ni mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, leo na kesho na mwezi ujao. Mchonga mlango atakwambia hivyo hivyo kuhusu mfaa (nguzo ya katikati ya mlango) na miimo, na mpiga ganuni atakwambia hivyo kuhusu vidole.

Nchi hii inalijua jambo hili tangu zamani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze muziki na ganuni. Alirudi akapiga mbele ya mfalme, na akawafundisha wenzake. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho mpaka leo kipo na kinapiga. Fikiria, Mheshimiwa: gharama ya kumsomesha mtu mmoja imezaa taarab yote tunayojivunia mbele ya wageni. Siti binti Saad naye alitoka Fumba akiuza vyungu, na sauti anayo, lakini mjini alimpata Ali Muhsin aliyekaa naye akamfundisha kuimba na kufuata ala. Mwaka 1928 Siti akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude akakua akimsikiliza Siti, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX mbele ya wanamuziki wa dunia. Alipofariki Aprili 2013 nchi nzima ilisimama. Ukiufuata mnyororo huo nyuma, kila pete utamkuta mtu aliyekubali kumshika mwengine mkono.

Sasa mnyororo umelegea, na sababu yake si uvivu wa vijana kama inavyosemwa barazani. Fundi mzee hana kipato cha uhakika. Saa anayoitumia kumwelekeza kijana ni saa ambayo hakushona, hakuchonga, hakuuza. Kijana naye nyumbani kwao wanamtazama yeye. Msimu wa karafuu ukiingia anakwenda kuchuma, ukiisha anatafuta bodaboda au kazi ya hoteli upande wa Nungwi na Kiwengwa. Nimekuwa na wanafunzi wenye mkono mzuri kuliko wangu, wameondoka wakiwa nusu ya njia, na siwezi kuwalaumu. Mtu hali kiua.

Wizara yenye dhamana ya utamaduni ndiyo hasa inayoweza kulikamata jambo hili kwa ncha zote mbili, ya fundi na ya kijana.

Wenzetu wa Japani wamelitungia sheria tangu 1950. Mabingwa wa ufundi na sanaa za jadi wanatambuliwa rasmi na serikali, na kila mmoja hupewa ruzuku ya yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze ujuzi wake na kuwarithisha wengine. Fedha inakwenda kwa mtu aliye hai ambaye mikono yake bado inafanya kazi. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Hapa hapa Zanzibar umeshafanyika mpango wa uanagenzi katika mahoteli, kijana anasoma huku anafanya kazi chini ya wazoefu. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Kama mpishi na mhudumu wa hoteli ameonekana anastahili kulelewa kazini, kwa nini mchonga mlango asistahili, ilhali milango ile ni sehemu ya yale yaliyoufanya Mji Mkongwe uingie katika urithi wa dunia mwaka 2000?

Lakini mkono peke yake hautoshi, na hapa naomba unisikilize kwa makini.

Namjua kijana mmoja mchoraji. Hoteli moja ya pwani ilimwita achore ukuta wa sehemu ya kulia chakula. Akachora majahazi na mawimbi, kazi ambayo kila aliyeiona aliisifu, akalipwa mara moja akaondoka. Baadaye akaikuta michoro yake imechapishwa kwenye mikoba na vitambaa vinavyouzwa dukani humo humo. Alipouliza akaambiwa ameshalipwa. Karatasi hakuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuuza mchoro ukutani ni jambo moja na kuuza haki ya kuuchapisha ni jambo jengine. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki tangu 2003, na ina COSOZA ya kuisimamia. Sheria ipo, ofisi ipo, kijana yupo, na baina yao hapana mtu wa kumshika mkono ampeleke.

Mkulima wa karafuu akipeleka gunia lake kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, bei anaijua kabla hajatoka nyumbani, imetangazwa. Mshoni wa kofia anamngoja mchuuzi aje amwambie. Hajui ahesabu vipi saa zake, nguo na uzi wake. Hajui aandike nini kwenye risiti, apige vipi picha za kazi, wala amjibu vipi mnunuzi wa mbali anayetaka kofia ishirini kwa tarehe maalumu. Fomu za ruzuku na maonesho nyingi huja kwa Kiingereza, na mwenye kipaji aliyesoma skuli ya kijijini anaziacha mezani. Kwa hiyo tunapoomba walezi, tunaomba wa aina mbili: fundi wa kazi yenyewe, na mtu anayeijua njia ya soko na mikataba, ambaye chipukizi atakutana naye mara kwa mara katika mwaka ule ule. Na BASSFU, baraza linalosimamia sanaa na filamu Zanzibar, itoe mikataba ya mfano kwa Kiswahili fasaha, mmoja wa mchoro, mmoja wa onesho la muziki, mmoja wa kazi ya mkono, msanii aweze kuujaza jina na bei na kuuweka mezani mbele ya meneja wa hoteli. Hilo halina gharama kubwa na linaweza kufanyika hata kabla ya bajeti.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Wanapita Hurumzi na mtaa wa Gizenga, wananunua. Wananunua zaidi picha za Tingatinga, ambazo asili yake ni Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na vinyago vilivyotoka bara na Kenya. Sina ugomvi na wenye kazi hizo, ni ndugu zetu na wanatafuta riziki. Kinachoniuma ni kwamba mgeni anakuja mpaka hapa, anaondoka hajaona mkeka wa Pemba uliosukwa vizuri, wala kofia iliyoandikwa jina la aliyeishona.

Nitoe tahadhari zetu sasa, kwa sababu mpango mzuri unaweza kuharibika kwenye utekelezaji.

Kwanza Pemba. Mafunzo mengi hufanyika mjini Unguja, na msanii wa Micheweni anatakiwa apande gari, apande boti, atafute pa kulala, arudi. Mwanamke mwenye watoto wadogo hawezi, basi. Washoni wa kofia na wasukaji wa ukili wengi ni wanawake na wanafanya kazi wakiwa majumbani, baada ya kupika na kabla ya magharibi. Mpango ukiwekewa saa za ofisi utawaacha nje hata kama jina lake lina neno wanawake. Mlezi aende walipo. Chake Chake tunayo Makumbusho ndani ya ngome ya zamani. Pale panaweza kuwa mahali pa kukutania na kuonesha kazi, bila kusubiri jengo jipya.

La pili ni uchaguzi wa walezi. Wapo mafundi wazee hawana cheti hata kimoja, na ndio wanaojua. Kigezo kikiwa shahada watakosekana wote. Wasanii wenyewe wapendekeze majina, BASSFU iyachunguze, kisha orodha ibandikwe hadharani kwenye ofisi za wilaya, ya walezi na ya waliochaguliwa kulelewa, ili isisemwe kwamba nafasi zimekwenda kwa ndugu na marafiki.

Na kuna jambo wengi hawapendi kulitaja. Kijana akiwekwa chini ya mkubwa, anaweza kutumwa sokoni na kufua nguo mwaka mzima bila kufundishwa kitu, na msichana anaweza kukutwa na makubwa kuliko hayo. Pawe na maandishi yanayosema nini mlezi atafundisha na nini haruhusiwi kudai. Wazazi wajulishwe, mafunzo ya wasichana yafanyike mahali pa wazi wakiwa zaidi ya mmoja, na awepo mtu, ikiwezekana mwanamke, ambaye kijana anaweza kumwendea kulalamika bila kupitia kwa mlezi wake. Mimi ni mama, na nisingempeleka wangu kwenye mpango usio na hayo.

Suala la fedha nalijua ni zito. Utaambiwa watafutwe wafadhili, na wafadhili tunawashukuru kwa mengi. Lakini tazama chuo cha muziki cha DCMA, kilichofundisha vijana wetu kwa zaidi ya miaka 20 ganuni, udi na fidla. Mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa sababu ya ukata. Ulezi wa msanii haukatiki katikati ukaja kuungwa baadaye. Ndiyo maana tunataka fungu la Serikali, hata likiwa dogo, lenye mstari wake kwenye bajeti. Anzeni na walezi ishirini, kumi Unguja na kumi Pemba, kila mmoja na vijana wawili. Mikopo ya uwezeshaji inayotolewa na ZEEA, wakala wa Serikali wa kuwawezesha wananchi kiuchumi, ije baadaye, kijana akishajua bei ya kazi yake na namna ya kuandikiana na mnunuzi. Kumpa mkopo kabla ya hapo ni kumtwika deni.

Mwisho wa mwaka wa kwanza wekeni maonesho, siyo lazima makubwa. Februari ya kila mwaka tamasha la muziki la Sauti za Busara huwaleta watu Ngome Kongwe na mitaa yake, na tamasha la filamu la ZIFF nalo lina wageni wake tangu 1998. Wasanii walioiva wapewe meza na jukwaa siku hizo, kazi zao ziwe na majina na bei, na walezi wao wawe wamekaa kando yao.

Mheshimiwa Waziri, sisi wa Pemba tuko tayari kukutana na wewe au watendaji wako Chake Chake siku yoyote mtakayopanga. Tutakuja na mafundi, na vijana, na kazi mkononi, na tutaleta rasimu ya hayo maandishi ya walezi niliyoyataja ili Wizara iwe na pa kuanzia. Tunaomba jibu kabla makadirio ya bajeti hayajafungwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mshoni wa kofia na mchoraji,
Wete, Kaskazini Pemba.