Kwa Waziri wa Sayansi na Teknolojia: vichapuzi vya leza visipimwe kwa rekodi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kuhusu fedha za utafiti wa kuchapuza chembe kwa leza, yaani kuzisukuma chembe ndogo kama elektroni hadi zipate nishati kubwa, kwa sababu nahofia zitagawiwa kwa kigezo kisichofaa.

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson walipendekeza kwamba pigo fupi na kali la leza likipita kwenye plazima huzisukuma elektroni kando, likaacha wimbi nyuma yake, kama jahazi linavyoacha mkondo majini. Elektroni inayodakwa na wimbi hilo hubebwa nalo. Katika vichapuzi vya kawaida, umeme ukizidi mno chuma hutoa cheche na kuharibika. Plazima ni gesi ambayo atomi zake zimekwisha kuvunjwa, basi hustahimili msukumo mkubwa takriban mara elfu. Ndiyo maana mwaka 2019 watafiti wa Berkeley, Marekani, walitangaza kuzifikisha elektroni kwenye elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni 7.8 ndani ya sentimita 20 tu. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi mno, na bado nafurahi.

Lakini rekodi ni pigo moja lililofana. Daktari, au mhandisi anayetaka kuona ufa ndani ya chuma, anataka mwali wa elektroni wa leo ufanane na wa jana. Hapo ndipo tulipokwama. Leza hizi kubwa hupiga mara chache tu kwa sekunde, umeme mwingi zinaoula hupotea kama joto, na zikiyumba kidogo tu, nishati ya elektroni nayo huyumba.

Kwangu mimi, kazi ya DESY, maabara ya utafiti wa vichapuzi mjini Hamburg, Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 2020, ina uzito kuliko rekodi yoyote. Waliuendesha mtambo wao usiku na mchana, wakapata miali 100,000 mfululizo, kisha wakaonyesha ni mtikisiko upi wa leza unaosababisha badiliko lipi katika elektroni. Kinachojulikana chanzo chake hurekebishika.

Kwa hiyo naomba masharti ya ruzuku yabadilike. Kila maabara itoe taarifa ya saa ambazo mtambo ulifanya kazi bila kusimama na jinsi miali ilivyotofautiana. Na fungu la mafundi wa leza lisiwe la kwanza kukatwa bajeti inapobana, kwani wao ndio wanaoilinda miali hiyo saa tisa za usiku.

Wako mtiifu,
Mtafiti wa fizikia ya plazima