Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: takwimu za mafuriko ya Rufiji mlizipeleka wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi, heshima yako naitanguliza, lakini leo nitasema yote. Juzi vijana wa taasisi yako, hiyo inayokusanya takwimu za hasara za mafuriko, wamekuja tena kijijini na vishikwambi vyao wanauliza yale yale ya mafuriko ya 2024, ulitegemea gunia ngapi, nyumba ilikuwa ya tope au tofali, mbuzi wangapi walikufa. Nikawauliza majibu tuliyotoa mwanzo yako wapi, wakaangaliana. Mmoja akasema mama samahani, sisi tumetumwa tu.

Basi nakuuliza wewe uliyewatuma.

Maji ya Aprili 2024 yaliposhuka watu wa taasisi yako walifika kwangu, wakapima kwa futi alama ya tope ukutani, ilikuwa inanifika kifuani, wakapiga na picha dungu langu la shambani limelala ubavu. Mpunga ulikuwa umeshabeba, wote ukaozea majini, na humo ndimo ilikuwemo ada ya watoto na hela ya kikundi ambayo mpaka leo nalipa kidogo kidogo kwa aibu. Mafuriko sisi tunayajua jamani, wazee wetu walikuwa wanasubiri maji yashuke wapande mlau, yaani mazao ya kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko, ila haya yalikaa mpaka mbegu ikaisha ndani. Wakatuambia kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti, kwamba takwimu zetu ndio silaha ya nchi kwenye mazungumzo ya tabianchi, kwamba mataifa makubwa hayatoi hela bila ushahidi, na mrejesho tutaletewa. Tuliwaamini.

Ukaja mkutano wa dunia wa tabianchi wa Baku, Azerbaijan, mwaka ule ule, zikaahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 wakati nchi zetu zilidai trilioni 1.3. Ukaja wa Belém, Brazil, 2025, na kundi la wajumbe wa Afrika likiongozwa na Mtanzania mwenzetu, Dk. Richard Muyungi, niliposikia nilifurahi kwa kweli. Lakini huyo anayekaa mezani ataongea nini kama faili alilopewa halina Rufiji? Kuandaa faili ni kazi yenu, sio yake, na sio yangu mimi niliyepimwa ukuta.

Na hela ipo. Mfuko wa hasara na uharibifu, ule wa kusaidia nchi zilizoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, 2022, Dubai 2023 nchi zikaanza kuahidi michango, Belém ikafunguliwa milango ya maombi ya kwanza, dola milioni 250, ombi moja kati ya milioni 5 na 20, na angalau nusu ni ya nchi maskini zaidi na za visiwa vidogo. Tanzania imo kwenye hizo nchi maskini zaidi. Sasa sisi tumeandikwa? Muhoro yetu ya hapa Rufiji imeandikwa? Chumbi je?

Mimi nahisi yale makaratasi yamelala kabatini, au mradi uliowalipa vijana uliisha na kila mradi mpya unaanza kuhesabu upya, sijui, maana hamsemi. Huku wengine wanasema mafuriko yaliletwa na mageti ya bwawa la umeme la Nyerere huko juu mtoni, serikali ikasema ni mvua za El Nino, na nyie wenye vipimo mmekaa kimya, wakati hilo hilo ndilo swali mtakaloulizwa huko nje kabla hamjapewa senti.

Mheshimiwa, siombi posho wala safari ya kwenda kwenye mikutano yenu. Naomba mrejesho. Uje mwenyewe, au umtume mtu mwenye majibu, na ile ripoti ya 2024, aisome mkutanoni kwa Kiswahili kijiji kwa kijiji, tusikie hasara yetu iliandikwa shilingi ngapi, ilipelekwa kwa nani na huyo alijibu nini. Kama haikupelekwa mtuambie haikupelekwa na mseme itapelekwa lini. Kabla ya hapo msimtume tena mtoto wa watu na kishikwambi mlangoni kwangu, mimi sijibu swali hata moja mpaka ripoti ya kwanza isomwe.

Mkulima wa mpunga, Rufiji